Pumzi Iliyokaa Mashavuni

Ukipewa bomba la plastiki ukaambiwa puliza, usipulize kwanza. Mwulize anayekupa anataka pumzi ya wapi. Mimi sikuuliza, na kutouliza huko kulinipotezea miezi mitano na kukaribia kunitoa roho. Ndiyo maana naandika haya, kwa ajili ya yule anayekaa sasa hivi kwenye benchi la hospitali na kadi mkononi, kifua kinamwambia hivi na kadi inamwambia vile, naye hajui asadiki kipi.

Jina langu ni Kassim. Nimezaliwa Malindi, mtaa wa Shela, na kazi yangu tangu utoto ni kupiga zumari. Kwa asiyeijua, ni ala ya mti, ina kilimi cha ukuti kinachoingia mdomoni, na sauti yake husikika mtaa wa tatu. Kaka yangu Shee alipiga ngoma, mimi nilipuliza, wenzetu wawili walishika msondo na upatu, na hakukuwa na harusi kubwa kutoka Malindi hadi Mambrui iliyopangwa bila sisi kuulizwa siku gani tuna nafasi. Naeleza haya si kwa kujisifu. Bila kuyajua hutaelewa namna nilivyojikoroga.

Ugonjwa wenyewe sitauzungusha: ulikuwa kifua kikuu. Ulinianza wakati wa masika, katikati ya miaka ya themanini, na kwa wiki nyingi nilisema ni mafua ya mvua. Nilikohoa, nikakonda, nikatoka jasho hadi godoro likawa linaanikwa uani kila asubuhi, na majirani wakajua godoro lile ni la nani. Pete yangu ya fedha ilivuka kidole yenyewe nikinawa mikono. Shuka niliyokuwa nikijifunga mara moja na kidogo sasa ilinizunguka mara mbili. Siku niliyotema damu kwenye beseni, mke wangu Rukia aliimwaga, akavaa buibui, akanipeleka hospitali.

Sindano zilikuwa sitini. Moja kila asubuhi, leo tako la kulia, kesho la kushoto, mpaka nikawa nakaa upande upande. Kufika ya thelathini masikio yakaanza kulia, mlio mwembamba usiokatika, na mimi mpiga zumari nikalala pale najiuliza ni nani huyo anayepuliza bila kupumzika. Ramadhani ilinikuta wodini. Sikufunga. Nilikunywa uji wangu mchana nikiwa nimegeukia ukutani, na hakuna aliyenilaumu, lakini niliona haya.

Kitanda cha pili alilala mpishi wa hoteli moja ya Watamu. Alipoulizwa kazi yake alisema kweli, na wiki ile ile ikaandikwa barua kwamba asirudi jikoni mpaka aruhusiwe. Akaninong'oneza, "Yakhe, wewe ukiulizwa sema una shamba. Hawa wakijua unalolifanya watakukataza."

Nikamsikiliza. Karani wa kadi alipofika kwangu nikasema nina minazi. Ninayo kweli, minazi sita, na miwili kati yake haizai. Akaandika mkulima, akapita kwa mwengine.

Msimu wa kusi ulipokuwa unaisha makohozi yangu yalionekana safi, nikaruhusiwa kwenda nyumbani na vidonge vya mwaka na miezi kadhaa. Nyumbani nilikuta kikombe changu na sahani yangu vimewekwa peke yao kwenye kidaka cha ukuta wa ukumbini. Daktari alikuwa amemwambia Rukia kwamba siambukizi tena. Rukia alisikia, akaitikia, na kikombe kikabaki pale pale. Sikumlaumu. Tulikuwa na mtoto mmoja, Fatuma, wa miaka saba, na mimi mwenyewe nilipokohoa nilimfukuza atoke chumbani.

Lakini kilichonitatiza si kikombe. Niliambiwa nimepona, na pumzi sikuwa nayo. Kutoka mlangoni kwetu hadi msikitini si mbali, mtoto hukimbia akarudi chai bado ina moto. Mimi nilisimama njiani mara tatu. Kila nikisimama nilijifanya naweka kiatu sawa, na watu wa barazani wakawa wananiambia ninunue viatu vyengine.

Wakati wa vuli alikuja hospitalini Bi Kadzo. Binti wa Kigiriama kutoka upande wa Ganze, hajafika miaka thelathini, amesomea Nairobi kazi ya kurudisha viungo na pumzi za watu. Wote walimwita daktari, naye kila mara akasema mimi si daktari, nao wakaitikia ndiyo daktari. Alitukusanya wale ambao kifua kimepona lakini mwenyewe hajapona, akatuita kila Jumanne varandani. Vipimo vyake vilikuwa vipya kabisa. Hata madaktari wakubwa walikuja kuvichungulia.

Cha kwanza kilikuwa bomba jeupe la plastiki, urefu wa shibiri, na mshale mdogo unaotembea juu ya namba.

"Baba, vuta pumzi yote," akaniambia. "Halafu uipulize hapa kwa nguvu, mara moja tu, ghafla."

Kwa mtu wa kazi yangu, kitu kikishaingia mdomoni, mashavu hujaa yenyewe. Sikufikiri. Niliyajaza, nikayaachia, na mshale ukaruka. Bi Kadzo alitazama namba, akanitazama mimi, akaurudisha mshale nyuma. "Hebu tena." Nikapuliza tena, na tena.

"Mia tano na hamsini," akasema. "Hii ni pumzi ya kijana mzima."

Kipimo cha pili kilikuwa chupa ya maji na mpira mwembamba. Nipulize taratibu, povu lisikatike, naye ahesabu pumzi moja inafika wapi. Basi jambo hili nilifundishwa nikiwa na miaka kumi na miwili, kwa mrija wa jani la mpapai na bakuli la maji. Unasukuma kwa hewa ya mashavu huku pua inavuta hewa mpya, na povu likikatika unachapwa. Nimeambiwa lisikatike, sikulikata. Bi Kadzo alihesabu hadi mia moja na ishirini akachoka yeye, na wagonjwa wenzangu wakanipigia makofi.

Utaniuliza, hukujua kwamba unadanganya? Sikujua, na mpaka leo watu hunicheka nikisema hivyo. Aliniambia puliza, nikapuliza. Sijawahi maishani mwangu kupuliza kwa namna nyengine, na sikudhani ipo. Nilichodhani ni kwamba chombo kile kipya, kilichotoka mbali, kinaona ndani ya kifua changu mambo ambayo mimi siyaoni.

Kipimo cha tatu hakikuwa na chombo. Viti viwili vya mbao, kimoja huku na kimoja kule mwisho wa varanda, na saa yake ya mkononi. Unakwenda na kurudi kwa dakika sita, naye anahesabu umefika mara ngapi. Dakika ya pili nilishika ukuta. Ya tatu nikakaa juu ya kiti, nacho hakikuwekwa pale kukaliwa. Midomo ilikuwa inanitetemeka na mbele ya macho naona vijidudu vyeusi.

Bi Kadzo alitazama namba ya bomba, kisha hesabu ya viti, kisha ya bomba tena. Niliona na yeye amechanganyikiwa, na hilo likanitisha kuliko vijidudu.

"Pumzi unayo, Baba," akasema mwisho. "Labda miguu ndiyo imelala. Ulilala sana wodini. Kila siku utembee, usijihurumie."

Akaandika kwenye kadi mia tano na hamsini, akaweka nukta juu ya mchoro wa mistari, na nukta yangu ikakaa juu kabisa. Za wenzangu zote zilikuwa chini.

Kaka Shee alikuja jioni ile ile. Aliishika kadi kwa mikono miwili.

"Na hii nukta?"

"Ndiyo mimi."

"Na hawa wa chini?"

"Hao ni wagonjwa."

Akacheka kwa furaha, akanipiga begani hata nikakohoa. "Nduyangu, basi umepona. Mbona uso umeukunja?"

"Sijisikii kupona, kaka."

"Kujisikia," akasema Shee. "Mtu akilala miezi minne hata kuchana nywele atajisikia kuchoka."

Rukia alikuwa mlangoni akitusikiliza. Tangu nilipougua ni yeye aliyekuwa akiamka kabla ya alfajiri kukanda unga wa mahamri ya kuuza, akichoma, akibeba, akirudi kunipikia mimi uji na Fatuma chai. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Kesho yake nilipokaa kitako katikati ya kuchota maji, ndoo nusu aliyonipa yeye, alisimama juu yangu.

"Baba Fatuma, daktari amesema pumzi unayo."

"Amesema."

"Na wewe unasema huna."

"Sina, Rukia."

"Sasa mimi nimwamini nani?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaka kweli aambiwe. "Maana mwenye kuchoka katika nyumba hii ni mimi, na mimi hakuna aliyenipima."

Niliinuka nikaibeba ile ndoo, nikatapika nje ya ukuta.

Miezi ile ya kaskazi ndiyo mibaya zaidi kwangu, mibaya kuliko ya sindano. Kwenye sindano nilijua mimi ni mgonjwa, kila mtu alijua, na kulikuwa na ukweli mmoja nyumbani. Sasa kila Jumanne nilikwenda varandani, nikapuliza namba ya kijana mzima, kisha nikatembea kama mzee wa miaka tisini. Bi Kadzo aliandika namba zote mbili. Ile ya bomba ilikuwa na nukta na rangi, ile ya viti ilikuwa tarakimu tu pembeni, na watu huamini chenye rangi. Wengine wakasema ni uvivu. Shangazi yangu akasema si uvivu, ni mambo ya watu, nimerogwa, akaniletea kombe: aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikayeyushwa kwa maji ya waridi. Nilikunywa kwa nia njema siku saba. Harufu ilikuwa nzuri na nikalala vizuri, ila kiatu niliendelea kukiweka sawa mara tatu.

Mwisho nikaanza kujishuku mwenyewe. Hili ndilo nataka ulisikie, wewe mwenye kadi. Nilikuwa nikishindwa kuvuta pumzi huku moyoni nasema, unajifanya. Nilijilazimisha kupanda, nikajilazimisha kubeba, na kila niliposhindwa nikaona aibu badala ya kuona hatari. Nilifika mahali nikawa namchukia yule mtu anayehema ndani yangu. Nilimwona ni mwongo anayekaa nyumbani kwangu na kula uji wangu.

Rajabu ilipoingia, Shee akaja na habari ya harusi Mambrui. Familia inatutaka sisi wenyewe. Kama siendi, yuko mpiga zumari kijana huko huko, naye wakimzoea hawatauliza tena nafasi zetu.

"Nisikilize," akasema. "Bwana harusi anatolewa baada ya alasiri. Ni kutoka kwao hadi msikitini, basi. Kadi yako mimi nimeiona kwa macho yangu."

Nilimtazama Rukia. Rukia alitazama chini. Nikasema nitakwenda, na nilisema kwa hamaki, kana kwamba namkomesha mtu, nami simjui ni nani.

Nitasema kweli: wimbo wa kwanza ulitoka vizuri. Midomo haikusahau, na watu waliitikia, na kina mama madirishani wakapiga vigelegele. Nikaona, kumbe. Kumbe walisema kweli na mimi ndiye mwongo. Nilifurahi namna ya ajabu, furaha iliyochanganyika na kujidharau. Tulipokata kona ya pili nikavuta hewa kwa pua kujaza, na haikuja. Mashavu yalikuwa yamejaa, zumari linalia, watu wanacheza, na mimi ndani sina kitu. Nilipuliza bado hatua kumi au kumi na tano kwa ile hewa ya mdomoni. Kisha njia ikawa nyeusi kutoka pembeni. Nilipokohoa, kanzu nyeupe niliyopigiwa pasi asubuhi ikawa na damu kifuani. Shee alikuwa mbele hajaona, na ngoma iliendelea kulia peke yake mpaka mtu akamshika mkono.

Walinirudisha Malindi kwa gari la watu wa harusi. Nililazwa siku tatu. Makohozi yalikuwa safi bado, wakasema ni mshipa mdogo uliopasuka kwenye kovu, nipumzike. Shee alikaa upande wa miguu yangu akishika vidole vya mguu wangu kupitia shuka.

Baada ya wiki mbili, Jumanne, Rukia alivaa buibui kabla yangu.

"Leo naingia nawe mwenyewe," akasema. "Nataka nikione hicho kinachosema umepona."

Siku zote alikuwa akiniacha mlangoni akimbilie mahamri yake. Siku ile alikaa benchi la mbele, mikono imefungwa, kama shahidi. Bi Kadzo alinipokea kwa upole mkubwa. Alikuwa amesikia habari ya damu ingawa hakuambiwa nilikuwa nafanya nini ilipotoka. Akanipa bomba. Nikavuta pumzi, nikapuliza, mshale ukafika mia tano na kidogo.

Rukia akasema, "Daktari, huyo hajapuliza."

"Amepuliza, mama. Tazama namba."

"Namba naiona. Huyo amepiga zumari." Akainuka. "Tazama mashavu yake. Miaka kumi na mitatu naishi na mashavu hayo. Ikitoka kifuani mimi ningeisikia, kifua chake kina mlio. Hapo hakuna kilichotoka kifuani."

Bi Kadzo alishusha kadi. "Amepiga nini?"

"Zumari. Si ndiyo kazi yake?"

"Kadi inasema mkulima."

Wote wawili wakanigeukia. Benchi zima likanigeukia. Nikataja minazi yangu sita, na nilipofika kwenye ile miwili isiyozaa sauti ikaniishia.

"Baba," akasema Bi Kadzo polepole, "kwa nini hukuniambia?"

"Nilihofia mtanikataza."

Alifumba macho kidogo. Nilingoja anitukane na ningestahili. Akasema, "Na mimi sikukuuliza. Nilikuwa nautazama mshale tu, mashavu siyatazami." Kisha akavuta kiti mbele yangu. "Haya. Mashavu yakae. Hewa itoke huku chini."

Nikajaribu. Mashavu yakajaa. Nikajaribu tena, yakajaa tena. Mara nne, na kila mara yalijaa yenyewe, na kadiri nilivyoyakataza ndivyo yalivyozidi. Bi Kadzo aliinua mikono miwili kuelekea uso wangu, akaona benchi limejaa watu, akaona na mke wangu amesimama pale, akaishusha.

"Mama, mshike wewe. Bana mashavu kwa viganja, asiyajaze."

Rukia hakusogea. Nilijua anafikiria nini, na nilikuwa tayari kusema basi. Tangu masika ya mwaka uliopita hakuwa ameugusa uso wangu. Chakula aliniwekea, nguo alinifulia, maji ya kuoga alinipashia, lakini uso huu, wenye mdomo huu unaokohoa, hakuugusa. Kisha akavua bangili zake, sijui kwa nini, akaziweka kwenye benchi, akaja akanibana mashavu kwa mikono miwili mbele ya watu wote. Viganja vyake vilikuwa na harufu ya iliki.

"Puliza," akaniambia, uso kwa uso.

Nikapuliza. Ilitoka mahali ambapo sikuwahi kupuliza kutokea, na iliuma, na ilikuwa kidogo. Mshale ulijivuta tu. Mia moja na themanini. Tukarudia: mia moja na sabini. Tukarudia: mia moja na tisini.

Bi Kadzo alichukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya nukta zangu zote za miezi mitano, moja baada ya nyengine. Halafu akaweka nukta mpya, chini, chini kabisa ya wenzangu.

Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi kuambiwa sina pumzi. Machozi yalinitoka yakaingia kwenye vidole vya Rukia kwa sababu alikuwa bado hajaniachia.

"Ulikuwa ukiniambia," akasema kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa nikikwambia."

"Na mimi nikakupa ndoo."

Kutoka siku ile ndipo matibabu ya pumzi yalipoanza, na yale ya kabla siyahesabu. Masika ilinyesha huku najifunza kutoa hewa taratibu bila mashavu, kazi ngumu kuliko kujifunza zumari, maana mazoea ya utotoni husahaulika kwa tabu. Bi Kadzo alianza kutuuliza kila mmoja kazi yake, kwa undani. Msusi wa makuti akamwambia huwa anabana pumzi kila anapokaza ukamba, na mama mmoja akasema hupuliza jiko la kuni tangu ana miaka sita. Bomba hakuliacha. Lakini sasa aliliweka pamoja na viti viwili, na vikitofautiana, aliviamini viti kwanza, kisha akakaa kitako kutafuta sababu.

Shee alikuja varandani mara moja kunitazama natembea. Alihesabu kwa vidole pamoja na Bi Kadzo. Nilipomaliza akaniuliza, "Utarudi kupiga?"

Nikamwambia sijui. Bi Kadzo naye, alipoulizwa, akasema hajui. Upande wa juu wa pafu la kushoto umekunjamana na hautakunjuka. Kwa miezi mingi hilo ndilo lililokuwa jibu, na mimi niliyekuwa nikitamani kuambiwa ukweli niliona ukweli wenyewe nao hauna mwisho unaoshikika. Mwisho Shee akamchukua yule kijana wa Mambrui. Siku moja alasiri walipita na harusi karibu na kwetu nikamsikia. Anavuta hewa mapema mno kabla ya kupandisha. Niliona wivu hata nikafunga dirisha, kisha nikalifungua nimsikilize vizuri.

Vidonge vilikwisha kaskazi ya pili. Kipimo cha mwisho kilisoma mia mbili na sitini, mashavu yakiwa yametulia bila kushikwa na mtu. Kwenye viti nilimaliza dakika sita nimesimama mara moja tu. Bi Kadzo alisema huenda nikaongeza kidogo, huenda ikawa ndiyo hiyo. Nikamwuliza hali hii inaitwaje, kupona au kutopona. Akafikiri, akasema kwamba jina zuri hajalipata. Sikumlaumu kwa hilo. Mimi pia naandika haya na jina sijalipata.

Wiki ile nilikwenda na Rukia sokoni, mara ya kwanza tangu nilipougua. Tulinunua samaki na ndimu, akabeba yeye kikapu. Tulipokuwa tunarudi, jua limekaa kichwani, nilikuwa nakwenda vizuri, na kwa kutazama tu hata wewe ungesema huyu ni mzima wa afya. Hatukuwa tumefika nusu ya njia. Sikuinama kuweka kiatu sawa. Nikasema, "Rukia, nimechoka."

Hakuniuliza kadi ilisema nini. Hakunitazama usoni kuona kama ni kweli. Alitua kikapu chini, akakaa kwenye baraza la nyumba ya watu, akanisogezea nafasi, akasema tutaondoka nitakaposema mimi.